Nani Atampokea?

Hadithi nyingi tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili zinaishia mahali pamoja. Kijana anapanda basi Mlandizi, anafika Dar es Salaam, anaingia katika kundi baya, anaiba simu, anakamatwa, anachomwa moto. Msichana anaacha shule, anapata ujauzito, anakataliwa na aliyempa, anakunywa sumu. Mweka hazina wa kikoba anakula fedha za akina mama wenzake, anatoroka usiku, na kabla hajafika mbali anapooza upande mmoja. Kisha inafuata aya ya mwisho, ambamo mwandishi anasimama juu ya maiti na kutuonya tusiwe kama marehemu.

Sisemi kwamba mambo haya hayatokei. Yanatokea, na waliotuandikia wanayajua kwa karibu, maana wengi wao ni vijana wa huku huku: Visiga, Misugusugu, Kongowe, na wengine wa upande wa Kisarawe. Kusimulia wanajua. Wanamwangusha mtu wao hatua kwa hatua, na msomaji anaumia pamoja naye. Kinachonisumbua ni kwamba akishaanguka wanamwacha. Hakuna anayekwenda kumtazama. Si mama, si rafiki, si jirani, wala yule aliyeibiwa, anayefika akakaa naye hata kwa kumtukana. Mtu anakosa, anaadhibiwa, anazikwa, na hadithi inabaki kuwa hukumu iliyoandikwa vizuri.

Kwa sababu hiyo tumeziweka hadithi fupi za Warusi wa karne ya 19 katikati ya toleo hili. Kwa wasomaji wa umri wangu Warusi si wageni kabisa. Miaka ya 1970 na 1980 vitabu vya bei nafuu kutoka Moscow viliuzwa Dar es Salaam, vingine vikiwa kwa Kiswahili, na mwaka 1979 tulipata Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Nikolai Gogol kwa tafsiri ya Christon Mwakasaka. Lakini nimewachagua hasa kwa sababu siwajui waandishi wengine waliokaa muda mrefu hivyo kando ya mtu aliyeanguka.

Chukua hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1895, Bwana na Mtumishi. Vasili Andreyich Brekhunov ni mfanyabiashara wa kijijini, tena mzee wa kanisa. Anataka kununua msitu kwa bei ya kutupa kabla wafanyabiashara wa mjini hawajamtangulia, na fedha zake hazitoshi. Anatoa rubli 700 zake, anaongeza rubli 2,300 za kanisa alizokabidhiwa azitunze, anaanza safari. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya msikiti au ya kigango anamjua mtu huyu. Hajioni mwizi. Fedha atazirudisha, na hakuna atakayejua. Anafuatana na mtumishi wake Nikita, mtu mzima aliyewahi kulewa sana. Kazi ya Nikita kwa mwaka ina thamani ya rubli 80 naye hupewa 40, tena kidogo kidogo, sehemu kubwa ikiwa bidhaa kutoka dukani kwa bwana kwa bei anayoipanga bwana. Vasili anaamini kwa moyo mweupe kwamba yeye ndiye mfadhili wa Nikita.

Tufani ya theluji inawapoteza njia. Usiku wa manane Vasili anamwacha mtumishi wake amelala garini, anapanda farasi, anakwenda kuiokoa roho yake. Huyu mwingine, anajiambia, maisha yake yana nini cha kupoteza? Farasi anazunguka gizani na kumrudisha palepale alipotoka. Anamkuta Nikita anaanza kuganda. Vasili anasimama kidogo, kisha, kwa ari ileile aliyokuwa nayo akifunga biashara nzuri, anamkung'uta theluji, anafungua koti lake la manyoya na kumlalia Nikita mwili mzima ili ampe joto. Kulipokucha bwana alikuwa amekufa, na mtumishi alikuwa hai.

Nawaomba waandishi wetu vijana watazame jinsi Tolstoy alivyolifanya jambo hili. Vasili hahubiriwi na yeyote. Hakuna padri pale porini. Hata tabia yake haibadiliki: pupa ileile ya kushika mali kabla ya mwenzake ndiyo inayomtupa juu ya Nikita, ila safari hii mali yenyewe ni uhai wa mtu. Na mtu huyo yupo, yuko chini yake, anapumua. Nikita asingekuwapo, Vasili angeganda peke yake na fedha za kanisa mfukoni, na Tolstoy angekuwa ameandika hadithi kama zile tunazoletewa sisi.

Hoja yangu yote ni hiyo. Katika hadithi hizi mtu hatubu peke yake moyoni. Anahitaji mtu wa pili, na mara nyingi mtu wa pili ni yule yule aliyemdhulumu au aliyemwona si kitu. Ivan Ilyich, hakimu wa hadithi ndefu ya Tolstoy ya mwaka 1886, anakufa kwa maumivu makali huku mke, madaktari na marafiki wakimdanganya kwamba ni mgonjwa tu na atapona. Anayemfaa ni Gerasim, kijana wa kazi kutoka kijijini, anayekaa usiku mzima ameishika miguu ya mgonjwa mabegani mwake kwa sababu hivyo maumivu hupungua, na asiyemficha kwamba anakufa. Hakimu aliyewatazama watu kwa miaka mingi kama majalada anajifunza huruma kwa mtumishi anayemsafishia choo.

Anton Chekhov analifanya jambo hilohilo kwa kurasa chache zaidi. Hadithi yake ya mwaka 1894, Fidla ya Rothschild, inamhusu Yakov Ivanov, fundi wa majeneza, mzee anayewaza hasara mchana na usiku: hasara ya siku za sikukuu zisizo na kazi, hasara ya ofisa wa polisi aliyekwenda kufia mji mwingine. Mkewe Marfa anaugua. Yakov anachukua kipimo chake angali hai, anamtengenezea jeneza, na kuandika daftarini: rubli 2 na kopeki 40. Kabla ya kufa Marfa anamuuliza kama anakikumbuka kichanga chao chenye nywele nyeupe, na jinsi walivyokaa mtoni chini ya mti wakiimba, miaka 50 iliyopita. Hakumbuki chochote. Baada ya mazishi miguu inampeleka mtoni, anauona ule mti, na kumbukumbu inamjia yote kwa mara moja. Mke wa miaka 50, na hakumbuki kumwonea huruma hata siku moja.

Hapo mwandishi mwepesi angemfanya alie na kupiga magoti. Chekhov hamfanyi hivyo. Anamweka mlangoni na fidla yake, na anamleta Rothschild, Myahudi maskini mpiga filimbi ambaye Yakov amemtukana na nusura ampige. Rothschild anakuja kwa woga kumwita kwenye kazi ya harusi, anasikia wimbo anaoupiga Yakov, anaanza kulia. Yakov naye anaumwa, na jioni padri anamuuliza kama kuna dhambi fulani inayomlemea. Yakov anawakumbuka Marfa na yule mpiga filimbi, anasema: fidla mpeni Rothschild. Maneno hayo machache ndiyo toba yake yote. Hatudai aseme zaidi, kwa kuwa tumeshaona fidla ni nini kwake na Rothschild ni nani kwake.

Chekhov alikuwa daktari, na mwaka 1890 alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, mwisho wa Urusi upande wa mashariki, kuwaona wafungwa waliopelekwa huko na kuwaandikisha mmoja mmoja. Alirudi kwa meli kupitia Ceylon na Suez, yaani alivuka hii Bahari ya Hindi yetu, na mwisho wa mwaka huo akachapisha Gusev, hadithi ya askari mgonjwa anayefia melini na kutoswa. Nalitaja hili kwa sababu waandishi hawa hawakuwaza habari za wakosaji wakiwa mbali nao. Fyodor Dostoevsky alikuwa mfungwa mwenyewe. Mwaka 1849 alikamatwa kwa siasa, akapelekwa uwanjani kupigwa risasi pamoja na wenzake, hukumu ikasomwa, na dakika ya mwisho ukaletwa msamaha wa mfalme. Alikaa miaka minne katika gereza la Omsk, Siberia, kati ya wauaji na wanyang'anyi.

Kutokana na gereza hilo aliandika mwaka 1876 kipande kifupi kiitwacho Mkulima Marey. Ni sikukuu ya Pasaka. Wafungwa wamelewa, wanapigana, mmoja amepigwa hadi amezimia. Msomi kutoka Poland, mfungwa mwenzake Dostoevsky, anampita na kumwambia kwa Kifaransa kwamba anawachukia majambazi hawa. Dostoevsky anakwenda kulala kitandani mwake, naye ana chuki ileile. Ndipo anamkumbuka Marey, mtumwa wa shamba la baba yake. Akiwa na miaka 9 alidhani amesikia mtu akipiga kelele kwamba mbwamwitu anakuja, akakimbia hadi kwa mkulima huyu aliyekuwa akilima. Marey alimgusa mdomo uliokuwa ukitetemeka kwa kidole kilichojaa udongo, akamtuliza. Hakuna aliyewaona. Baada ya kumkumbuka, Dostoevsky anashuka kitandani na kuwatazama wale walevi, na anafikiri: huyu mwenye chapa usoni, anayeimba kwa sauti ya kukwaruza, huenda ndiye Marey.

Nilipokisoma tena kipande hicho niliwaza maneno ambayo magazeti yetu yameyaandika mara nyingi hata hatuyasikii tena: wananchi wenye hasira kali. Kila anayeishi kando ya Barabara ya Morogoro anajua maneno hayo yanamaanisha nini. Yanamaanisha mawe, fimbo na tairi. Kijana anayepigwa mara nyingi ana jina ambalo nusu ya wanaompiga wanalijua. Wanajua alisoma shule gani na mama yake anauza nini. Hadithi zetu fupi zimelishuhudia tukio hili mara nyingi kuliko fasihi yoyote niijuayo, na karibu zote zimesimama upande wa umati. Zinamwita mwizi kwa jina la kosa lake kuanzia mstari wa kwanza. Natamani kusoma moja ambamo mtu aliyeshika jiwe anakumbuka kitu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na theluji yao, na kwamba sisi tuna methali zetu: la kuvunda halina ubani. Methali hiyo ni yetu kweli. Lakini kuteleza si kuanguka ni yetu pia. Na fasihi yetu imewahi kuuliza swali hili kwa ukali. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, akapitia seminari kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufariki Januari 2020, hakuliacha. Rosa wa Rosa Mistika (1971) amelelewa kwa ukali wa baba mlevi, anaharibikiwa akiwa mbali na nyumbani, kisha anataka kuanza upya. Anampata mwanaume wa kuoana naye, na mwanaume huyo anamkataa kwa sababu si bikira. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) naye anajiua, msomi aliyeyachimba maswali ya maisha hadi hakubaki na kitu cha kushika.

Riwaya ya Rosa ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ikisemekana itaharibu vijana. Wasomaji wa leo huitumia kinyume: Rosa ni funzo kwa wasichana wasichezee ujana wao. Mimi naona matumizi yote mawili yanakikosa kitabu. Kezilahabi alimwandika msichana aliyekwisha kutubu. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea toba yake. Aliyemuua Rosa ni mlango uliofungwa, na mwandishi hakutuficha nani alikuwa ameshika kitasa. Kitabu hiki kinamhukumu anayekataa kupokea kuliko kinavyomhukumu aliyekosa, na nadhani ndiyo sababu kiliwaudhi wakubwa.

Ukirudi nyuma zaidi yuko Shaaban Robert. Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, hufundishwa kama ngano ya wema na ubaya, nasi tukishayataja majina ya Hasidi na Mwivu tunadhani tumemaliza. Hebu kitazame tena. Hasidi na Mwivu wamemtosa ndugu yao Adili baharini kwa wivu. Huria, jini ambaye Adili alimwokoa, anawageuza manyani na kumwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku, la sivyo ataadhibiwa yeye. Adili anawapiga. Kisha anawafuta machozi, anawalisha chakula kizuri, anawaomba radhi, analia nao. Usiku baada ya usiku, katika chumba kilichofungwa, mtu aliyedhulumiwa anaomba radhi kwa waliomdhulumu kwa sababu amelazimishwa kuwaadhibu. Jambo linafichuka, Mfalme Rai anaingilia kati, anaombea msamaha kwa mfalme wa majini, na manyani wanarudi kuwa watu.

Sijui mandhari nyingine katika Kiswahili inayofanana na chumba kile. Adhabu ipo, kosa halikupunguzwa hata chembe, na bado aliyekosewa hajaondoka. Adili anakaa na ndugu zake walipokuwa watu, walipokuwa manyani, na walipokuwa watu tena. Tolstoy angekielewa kitabu hiki kwa kukisoma mara moja. Inanihuzunisha kwamba tunacho tangu mwaka 1952 na hatukukiendeleza. Tulichukua majina ya wahusika na kuacha kile chumba.

Hapa Visiga iko seminari ya Mtakatifu Maria, na ipo misikiti na madrasa pande zote za barabara. Mvulana wa seminari hufundishwa kwamba kitubio kina majuto, kuungama na malipizi. Mtoto wa madrasa hufundishwa kwamba mwenye kutubu aache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama alichukua haki ya mtu, airudishe. Tazama jinsi njia zote mbili zinavyopita kwa mtu mwingine. Haki ya mja hairudishwi angani. Inarudishwa kwa mja, uso kwa uso, nyumbani kwake. Waandishi wetu wamekulia katika mafundisho haya na kuyasikia tangu utoto. Wakishika kalamu wanayaacha na kuandika kama kwamba Mungu na polisi ni kitu kimoja.

Mfano mmoja uko mbele yetu kila mwaka. Siku ya Uhuru, 9 Desemba, na Siku ya Muungano, 26 Aprili, marais wetu wamekuwa na desturi ya kutoa msamaha kwa wafungwa. Orodha inasomwa, watu wanatoka lango la gereza na mfuko wa nailoni mkononi, habari inatangazwa jioni. Baada ya hapo gazeti halifuatilii, na kazi ya hadithi fupi ilipaswa kuanza hapo. Mtu anashuka basi, anatembea hadi kwenye kitongoji chake, anakuta mke ameolewa, shamba la mikorosho linavunwa na mdogo wake, na yule ambaye yeye mwenyewe alimjeruhi miaka sita iliyopita anakaa nyumba ya tatu. Dola imesamehe. Nani atampokea? Sijapata hata hadithi moja juu ya usiku wake wa kwanza.

Siombi hadithi zenye mwisho mzuri. Chekhov huyuhuyu aliandika mwaka 1892 Wodi Namba 6, ambamo Daktari Ragin anayapuuza mateso ya wagonjwa wa akili kwa falsafa ya kwamba maumivu ni fikra tu, hadi anafungiwa katika wodi hiyohiyo, anapigwa ngumi na mlinzi, na kesho yake anafariki. Anaelewa, lakini amechelewa, na hakuna mkono wa kumshika. Hadithi hiyo haina faraja na ni ya kweli. Tofauti yake na zile tulizozirudisha kwa waandishi wetu ni kwamba Chekhov anatufanya tuone kila nafasi ambayo Ragin aliipita, na kila mtu ambaye angeweza kumfaa naye hakumfaa.

Wala simsahau aliyeumizwa. Katika mijadala yetu ya uhariri mwenzangu mmoja aliniuliza kwa uchungu kama nimewahi kumwona mama aliyeporwa mtaji wote, na kama nitamwambia asamehe ili hadithi ipendeze. Ana haki. Hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba ya mwingine, na mwandishi anayemlazimisha mhusika wake asamehe anamdhulumu mara ya pili. Jibu bora ninalolijua linatoka kwa Tolstoy, katika hadithi ya mwaka 1872, Mungu Anaiona Kweli Ila Anasubiri. Mfanyabiashara Aksyonov anafungwa Siberia kwa mauaji asiyoyafanya. Watoto wake wanakua bila yeye. Hata mke wake alimuuliza kama ni yeye aliyeua. Baada ya miaka 26 anakuja gerezani muuaji halisi, Makar Semyonov, na Aksyonov anamtambua. Anaumwa kwa hasira, halali usiku. Makar anapokuja kumpigia magoti na kuahidi kukiri mbele ya wakuu, Aksyonov anamwambia hana tena pa kurudi. Kisha anayaona machozi ya Makar, naye analia. Anamsamehe akiwa anajua hasara yake kwa hesabu kamili, na anakufa kabla amri ya kuachiliwa kwake haijafika. Katika kitabu chake juu ya sanaa, alichokichapisha miaka ya mwisho ya karne hiyo, Tolstoy alizikataa kazi zake karibu zote, riwaya zile kubwa zikiwemo, akaziacha mbili tu kuwa sanaa njema. Hii ni mojawapo.

Hadithi hizi zimetufikia wengi wetu kupitia Kiingereza. Wapo Watanzania waliosoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba na kwingineko, tangu miaka ya 1960, madaktari, wahandisi na walimu ambao sasa ni wazee wenye Kirusi safi kisichotumika. Kwao tunaleta ombi: tutafsirieni kutoka Kirusi moja kwa moja, nasi tutachapa. Tungependa kuanza na ile ya Aksyonov. Na waandishi vijana ambao hadithi zao tumezirudisha, tumewaandikia kila mmoja mahali ambapo mtu wake aliachwa peke yake. Tunazisubiri tena kabla ya toleo lijalo.